Mama Wengi na Mkanda wa Bosi

Paukwa!

— Pakawa!

Paukwa tena, maana hao wa nyuma wamenijibu kama wana uji mdomoni!

— PAKAWA!

Haya, hapo sawa. Niwaambie, nisiwaambie?

— Tuambie!

Palikuwa na nini?

— Hatujui!

Mngejuaje, na mimi sijasema! Palikuwa na msitu. Si vichaka hivi vya kukatia fagio, la. Msitu! Miti imesimama bega kwa bega, jua likitaka kufika chini linapiga hodi kwanza. Na katikati ya msitu palikuwa na kijito, maji yake meupe pe, ukitupa kokoto unaifuata kwa macho mpaka inapolala.

Kwenye ukingo wa kijito hicho aliishi Kaa. Si kaa wa baharini, huyu wa maji baridi, mdogo, anaenea kwenye kiganja changu hiki. Wote walimwita Mama Wengi, kwa kuwa kila mwaka alibeba watoto wengi chini ya kile kifuniko cha tumbo lake, wamebanana humo kama punje za mtama. Anatembea nao, anawaimbia, anawakemea wakisukumana. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha, anaingia majini, anafungua kifuniko, anawatua. Wakichelewa kutuliwa, nafasi inawaishia humo ndani, wanakufa. Wakituliwa kwenye tope, tope linawaziba pumzi, wanakufa. Kwa hiyo Mama Wengi alikuwa na ombi moja tu duniani: siku ya mvua ya kwanza, maji yawe meupe.

Ni ombi kubwa hilo, jamani? Mimi silioni kubwa.

Sasa. Juu ya kijito, kilimani, alikaa Nguruwe wa msituni. Nguvu anazo, pua anayo, njaa anazo mbili, ya asubuhi na ya siku nzima. Alikaa na mama yake mzee, Bi Mashavu, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua, hatoki nyumbani. Nguruwe ndiye aliyemletea maji, ndiye aliyemletea viazi, ndiye aliyemkuna mgongo. Kwa mama yake alikuwa mtoto mzuri, hapo simsemi vibaya.

Siku moja Kunguru akapita juu ya kilima, anatoka mjini kuiba sokoni. Akadondosha kitu. Pu! Nguruwe akakinusa, akakila.

"Mmmh! Hiki nini?"

"Kitumbua," akasema Kunguru.

"Vipo vingine?"

"Vipo tele. Lakini nami nina ninachopenda. Napenda vinavyong'aa. Ule mchanga wa pale kijitoni una chembe za kung'aa, wenyewe wanaita dhahabu. Wewe nipe kinachong'aa, mimi nakupa kitumbua."

Yakawa hayo tu. Msitu mzima, wajukuu zangu, uliuzwa kwa vitumbua.

Nguruwe akashusha pua ardhini. Fuku-fuku-fuku! Fuku-fuku-fuku! Pwaa! Udongo huo unaruka, unaangukia kijitoni. Akapata mkanda. Mkanda ni ule mstari wa dhahabu unaopita chini ya ardhi kama mshipa unavyopita mkononi, ukiushika unaufuata. Nguruwe akaushika, akaufuata, na shimo lake likawa refu, naye akaanza maringo. Ukimwita Nguruwe haitiki. Ukimwita Bosi anaitika mara mbili.

Mkanda ukaenda, ukaenda, ukafika nyumbani kwa Nungunungu.

"Hodi!" akasema Bosi, na huku ameshaingiza pua. "Mkanda ukipita, mwenye nyumba anapisha!"

"Nipishe niende wapi, Bosi? Hapa nimezaliwa."

"Utapata fidia."

"Fidia gani?"

"Shimo! Nikishamaliza kulichimba, ni lako."

Fuku-fuku-fuku! Nungunungu akatoka na miiba yake imelala kwa huzuni.

Mkanda ukaenda, ukaenda, ukafika chini ya mvule. Mvule wa zamani, mkubwa, na juu yake alikaa Kindi na akiba yake ya kokwa.

"Mkanda ukipita, mwenye nyumba anapisha!"

"Lakini mimi naishi juu, Bosi! Mkanda wako uko chini!"

"Juu ni kwako, chini ni kwangu. Mimi nachukua changu tu."

Fuku-fuku-fuku, akakata mizizi. Mvule ukalia kwaaa, kwaaaa, GUDUM! Msitu wote ukanyamaza. Hata chura.

"Na fidia yangu?" Kindi akauliza.

"Shimo! Mtagawana na Nungunungu."

Mkanda ukaenda, ukaenda, ukageuka kuelekea kijitoni. Wakati huo kijito chenyewe ukikiona unalia. Maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Samaki wamehama, ndege hawaji kunywa. Mama Wengi alikuwa akiinua macho yake, mnajua macho ya kaa yako juu ya vijiti, anayafuta tope, anayarudisha, yanajaa tope tena. Na tumboni watoto wameanza kukuna kuta. Kri-kri-kri. Kri-kri-kri. Vuli ilikuwa karibu.

Akatoka majini, akaenda kwa upande, kwa upande, kwa mwendo wake ule, mpaka kwenye mdomo wa shimo.

"Bosi, shikamoo."

"Marahaba. Sema upesi, kitumbua kinapoa."

"Bosi, naomba uniachie kijito. Nina watoto tumboni, wako tayari kabisa. Mvua ya kwanza ikinyesha lazima niwatue, na kwenye tope hawaishi."

Bosi akamwangalia, akaangalia kitumbua, akaangalia kitumbua tena.

"Mama Wengi, sheria unaijua. Mkanda ukipita, mwenye nyumba anapisha. Na hao watoto, wakizaliwa niletee, wana vidole vyembamba, watanichekechea mchanga."

Ebo! Mtoto hajazaliwa, ameshapangiwa kazi!

Mama Wengi akarudi kwa upande, kwa upande, mpaka mlangoni kwake, akakaa nje. Machozi ya kaa hamjawahi kuyaona kwa kuwa analilia majini. Siku hiyo alilia nje, na mimi nawaambia alilia sana. Kri-kri-kri, watoto tumboni. Akawapigapiga taratibu. "Nyamazeni, nyamazeni. Mama anafikiri."

Akafikiri. Akaangalia pembeni mwa tundu lake, pale anapotupa taka. Kaa akifagia nyumba anatoa mchanga, na mchanga wa kijito hicho ulikuwa na chembe za kung'aa. Miaka yote alikuwa akizitupa pale, zimejaa, zinamkera kwa kumulika machoni. Akaziangalia. Akaangalia shimo la Bosi. Akaangalia kilimani, kwenye nyumba ya Bosi.

"Lo!" akasema. "Kumbe ninayo mbegu."

Akaenda kuwatafuta Nungunungu na Kindi. Akawakuta ndani ya fidia yao. Shimo limejaa maji mpaka magotini, mbu wanaimba nzii, nzii, Kindi ameketi mgongoni mwa Nungunungu, na mnajua wenyewe mgongo wa Nungunungu si mahali pa kuketi.

"Jamani," akasema Mama Wengi, "mmewahi kupanda mahindi?"

"Hatuna shamba," akasema Nungunungu. "Tuna shimo."

"Lakini mnajua kunavyopandwa. Mmoja anatoboa, mmoja anadondosha, mmoja anafukia."

"Mimi kufukia najua," akasema Kindi. "Kokwa zangu zote nafukia, hata mwenyewe sizioni tena."

"Basi twendeni shambani."

Bosi alikuwa na desturi moja. Jua likiwa la utosi, baada ya vitumbua, analala kivulini. Khorrr-fyuu! Khorrr-fyuu! Akikoroma hivyo hata ukimkanyaga mkia anasema asante. Wakamngoja. Khorrr-fyuu! Wakaanza.

Nungunungu anatoboa kwa mwiba: tu! Mama Wengi anadondosha chembe kwa gando: ti! Kindi anafukia kwa mikono: fuu! Tu, ti, fuu. Tu, ti, fuu. Semeni na nyie!

— Tu, ti, fuu! Tu, ti, fuu!

Wakaanzia kwenye mdomo wa shimo, wakakipa kijito mgongo, wakapanda kilima. Tu, ti, fuu. Khorrr-fyuu! Kila siku mchana, Bosi akilala, wao shambani. Mama Wengi alichoka, tumbo zito, miguu inamwaka kwa ukavu, kila mara anakimbia kujilowesha na kurudi. Lakini mstari ukaenda, ukaenda, mpaka walipopataka.

Asubuhi moja Bosi akasema, "Leo naingia kijitoni!" Akashusha pua.

"Bosi, ngoja," akasema Mama Wengi. "Mimi nahama, sheria ni sheria. Lakini kabla sijahama nikwambie kitu. Mkanda wako unafanya kama mimi."

"Unafanyaje?"

"Unatembea kwa upande. Ulikuwa unakuja huku, sasa umegeuka, unapanda kilima. Mimi ni mtu wa upande, naujua mwendo huo."

Bosi akacheka mpaka mashavu yakatikisika. "Kaa anifundishe mimi mkanda! Kunguru! Hebu angalia hapo."

Kunguru akashuka, akachakura upande wa kilimani. Chaku-chaku. Chembe ikamulika. "Bosi! Ni kweli! Hii hapa, na nyingine hii, mkanda unapanda!"

Unadhani Bosi aliuliza umegeukaje? Hakuuliza. Aliyeshika mkanda hana maswali.

Fuku-fuku-fuku! Chembe. Kitumbua. Fuku-fuku-fuku! Chembe. Kitumbua. Akachimba kwenda juu, na akichimba hainui kichwa. Kwa nini ainue? Kinachong'aa kiko chini. Alipita mti wake mwenyewe wa kujikunia, hakuuona. Akapita kibao ambapo humwekea mama yake maji, akakiangusha, hakukiona. Wanyama wote wakaja wakasimama pembeni, kimya, Mama Wengi mbele na mikono tumboni.

Fuku-fuku-fuku, koo! Pua ikagonga ukuta.

"Nyumba ya nani hii?" akapiga kelele, kichwa kimo ardhini. "Mkanda umepita! Mkanda ukipita, mwenye nyumba anapisha!"

Sauti ikatoka ndani, ya taratibu, ya uzee. "Nani huyo ananifukuza?"

"Bosi!"

"Bosi gani?"

"Bosi mwenye shimo! Toka upesi, bibi, kabla sijakuangushia kuta!"

"Na nikitoka nakwenda wapi? Magoti yangu mabovu."

"Fidia yako ni shimo!"

Kikasikika kiti kinasogezwa. Ikasikika fimbo, ko, ko, ko, mpaka mlangoni. Halafu ile sauti ikasema jina, jina ambalo msitu wote ulikuwa haulijui.

"Kibonge?"

Pua ikasimama.

"Kibonge, mwanangu, ni wewe?"

Bosi akainua kichwa polepole. Udongo unamdondoka masikioni. Akamwona mama yake mlangoni, fimbo mkononi, na kanga yake ile ya kukaa nyumbani. Na nyuma ya mama yake ukuta, ambao chini yake hapakuwa tena na udongo, ukasema kri, ukasema krii, ukasema GUDUM. Vumbi likapanda. Lilipotulia, nyumba haikuwepo.

"Mama," akasema Bosi. "Mama, mimi... mkanda..."

"Nimesikia. Sheria ni ya nani?"

"Ya Bosi."

"Bosi ni nani?"

"Mimi, mama."

"Haya. Mimi mwenye nyumba nimepisha. Nipeleke nikaione fidia yangu."

Hakupiga kelele, yule bibi. Laiti angepiga! Akateremka kilima, ko, ko, ko, mwanawe anamshika mkono, wanyama nyuma. Alikuwa hajateremka siku nyingi. Maji Kibonge alikuwa akimletea kutoka chemchemi ya juu kabisa, hakumwambia kwa nini. Akaliona shimo. Akauona mvule umelala. Akafika ukingoni.

"Kijito kiko wapi?"

"Ndicho hiki, mama."

"Hiki ni uji. Nakuuliza kijito. Hapa ndipo nilipokuwa nakuogesha, mgongo wako una mistari bado, unalia hutaki maji yakuingie puani. Kilikuwa na kokoto nyeupe. Kiko wapi, Kibonge?"

Bi Mashavu akakaa kwenye shina la mvule, akafunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Kibonge alikuwa ameona miti ikianguka, hakusikia kitu. Alikuwa ameona samaki wakihama, hakusikia kitu. Lakini mama yake kulia! Hicho alikisikia.

"Mama, usilie. Nifanye nini? Sema tu."

"Rudisha."

"Nini, mama?"

"Udongo. Wote. Ulikoutoa."

Na hapo mawingu yakanguruma mbali. Nguruuu. Mama Wengi akashika tumbo. Kri-kri-kri-kri! Watoto wamesikia.

"Bosi," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "vuli hiyo. Leo ndiyo siku yangu."

Jamani, mlimwona Nguruwe akichimba, hamjamwona akifukia! Pua ikawa jembe. Swaa, swaa, swaa! Nungunungu anasukuma, Kindi anakanyagia, hata chura ameleta tonge lake moja. Shimo la juu likajaa. Shimo la kwa Nungunungu likajaa. Shimo la mvule likajaa. Na maji mapya kutoka chemchemi yakaanza kuisukuma ile chai, ikapauka, ikapauka, kokoto moja ikaonekana, ya pili ikaonekana. Mama Wengi ameshaingia mpaka kiunoni, anangoja.

Tone. Ta. Tone. Ta. Halafu mvua yenyewe, wuuuu!

Na shimo moja lilikuwa bado. Lile la mwanzo kabisa, la ukingoni, tope tupu. Mvua ikalijaza, tope likainuka, likaanza kumwagika kuelekea kijitoni.

"Linakuja!" Kindi akalia.

Kibonge akaliangalia tope. Akamwangalia Mama Wengi. Udongo wa kuziba haupo, muda wa kuutafuta haupo. Basi akafanya kitu ambacho hata mama yake hakukitarajia. Akajitupa chini. Bwata! Akalala kwa ubavu kwenye mdomo wa shimo, mwili mzima, mashavu, tumbo, vitumbua na vyote. Tope likamjia mgongoni, likapanda, likafika masikioni. Hakujongea. Msitu mzima ulikuwa haujaona faida ya ubonge ule mpaka siku hiyo.

"Watue, Mama Wengi!" akasema, mdomo umejaa tope. "Watue, mimi nipo!"

Mama Wengi akafungua kifuniko. Ti. Ti. Ti-ti-ti-ti-ti! Wakatoka, wadogo kuliko punje, wakazama kwenye maji meupe, kila mmoja akakimbia kwa upande kujificha chini ya kokoto. Mmoja tu alimng'ang'ania mama, kila familia ina huyo. Mama Wengi akambandua taratibu, akambusu, akamwachia. Halafu akalia tena, safari hii majini, hakuna aliyeona.

Kesho yake Kunguru akaja na vitumbua. "Bosi! Chembe ziko wapi?"

"Bosi hayupo," akajibu Bi Mashavu. "Yupo Kibonge, anajenga nyumba. Weka hivyo vitumbua hapa, ndiyo fidia yangu." Akavila vyote mbele yake, akalamba vidole, Kunguru akaondoka na njaa.

Nungunungu alipata nyumba. Kijito kilirudi. Mvule haukurudi. Hapo siwadanganyi, mvule haurudi kwa kufukia shimo. Kindi alizika mbegu mahali pale, na mimi nasikitika kuwaambia kwamba Kindi hakuishi kuukwea mti huo, wala mwanawe. Labda wajukuu.

Na Kibonge hajajua mpaka leo mkanda ulifikaje kwao. Siku nyingine alikuwa anamuuliza Mama Wengi, naye anamjibu, "Mkanda, baba, una mambo yake," halafu anaingia tunduni kwa upande. Ndiyo maana nguruwe akichimba anasimama kidogo, anainua kichwa, anaangalia kama mama yake yuko karibu. Na ndiyo maana akiona tope anajilaza. Watu wanasema mchafu. Mchafu nini? Analinda watoto wa watu.

Sasa fundisho. Nani anajua fundisho?

— Tusiharibu msitu!

Nani kakwambia? Hukusikiliza. Fundisho ni hili: ukitaka kuchimba dhahabu, hakikisha kwanza huna mama. Na kama unaye, usimjengee nyumba mkandani. Na la pili, vitumbua ni vibaya, msile.

— Uongo, bibi! Vitumbua vitamu!

Ndiyo, vitamu. Hapo ndipo penye taabu yote. Na nyie wawili mnaonong'onezana, najua vitumbua vilivyobaki kwenye sufuria vilikuwa vingapi na sasa ni vingapi, basi na mimi sitaki kusikia habari ya fidia.

Ngano yangu nimeitua hapa, kama Mama Wengi alivyowatua wanawe. Ikiwa tamu, gawaneni na wa nyuma. Ikiwa chachu, niachieni mwenyewe, nitaikoroga na sukari.